Maji Yatokayo kwa Nolberto

Hakuna aliyevuka lango la Etelvina Silupú bila kusugua viatu. Kwanza brashi, tope lote litoke, kisha karai la dawa. Padri alisugua. Wakata mikungu nao walisugua, wakinung'unika, maana walizoea kuingia mashamba ya watu kama kuku.

"Siku tutakayofika mbinguni," mmoja wao alisema, "tutamkuta Doña Etelvina mlangoni na karai lake."

"Na wewe utakuwa wa kwanza kurudishwa," Etelvina alimjibu. "Kisigino hicho bado."

Aliwavumilia. Bonde zima la Chira lilikwisha kuona yaliyotokea ng'ambo ya mto: migomba ikakatwa yote, ikafunikwa plastiki, ukazungushwa uzio, na ardhi ikapigwa marufuku ya ndizi mpaka wajukuu wazeeke. Ugonjwa wa mnyauko ukishaingia udongoni hautoki. Kitu kimoja tu ndicho kilichowapa watu moyo, kwamba hautembei wenyewe. Hubebwa na kiatu, na panga, na mche wa zawadi.

Na maji. Hilo la maji watu hawakupenda kulisema. Nje ya mifereji kule ni jangwa, na mgomba usiponywa hauzai. Mfereji wao mdogo ulianzia shambani kwa Nolberto, mdogo wake Etelvina, ukapita ukingoni mwa shamba la Etelvina, ukaishia kwa Rosenda, komadre wake, mama wa ubatizo wa bintiye. Kila mmoja alifungua mdomo wake wa mfereji zamu yake ilipofika, na maji yaliyombakia yalirudi mferejini yakashuka kwa wa chini.

Asubuhi moja Etelvina alimpelekea Nolberto kibuyu cha chicha, pombe ya mahindi. Hakumkuta nyumbani. Akamkuta nyuma ya banda la kuoshea ndizi, akiburuta majani makavu kufunika mashina ya migomba. Majani ya chini yalikuwa ya manjano tangu ukingoni, yamevunjika na kuning'inia kama sketi. Mashina yamepasuka karibu na ardhi.

"Kiu hiyo," Nolberto alisema kabla hajaulizwa.

"Kiu gani, na juzi ulimwagilia?"

"Dada." Hakumtazama. "Ukisema, watu wa serikali watakuja na mapanga yao. Watamaliza kwangu, kisha watavuka kwako. Au unadhani uzio wao utauheshimu mpaka wa baba?"

"Mficha maradhi, Nolberto..."

"Kifo humuumbua. Najua. Hata mama alikuwa akituimbia hiyo." Akachukua kibuyu, akakishika bila kunywa. "Niachie mavuno haya tu."

Etelvina hakusema ndiyo, wala hakwenda kusema popote. Alirudi kwake, akasugua viatu langoni mpaka dawa ikamchoma vidole. Kisha akachukua jembe na magunia ya mchanga, akaziba mdomo wa mfereji wake.

Zamu yake ilipofika, mgawa maji alisimamisha pikipiki ukingoni. "Doña, maji yako haya."

"Mpe Rosenda."

"Kwani umeamua kuifungisha migomba saumu?"

"Mpe Rosenda, nimekwambia."

Rosenda alifurahi. Jioni ile alimletea sahani ya ndizi za kuponda na nyama kavu, akamwambia moyo kama wake haupatikani tena siku hizi. Etelvina alikula. Kila mara alipofungua kinywa kusema, alimwona Nolberto na kibuyu chake.

Zamu nyingine nayo akaiacha ipite. Jua la kule halina huruma. Migomba ikaanza kulegeza majani, halafu yale ya chini yakageuka manjano, tangu ukingoni.

Hapo ndipo alipoona alichojifanyia. Manjano ya kiu na manjano ya mnyauko, kwa macho, ni manjano yale yale. Alikwenda mstari kwa mstari, akiinua majani kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa, na kwa mara ya kwanza maishani akamwomba Mungu shamba lake liwe linakufa kwa kiu.

Njia ya kujua ilikuwa moja. Akaondoa magunia, akaacha maji yaingie.

Mgomba wenye kiu hushukuru upesi. Baada ya siku chache mistari karibu yote ilikuwa imesimama, majani yamekaza. Migomba iliyo kando ya mfereji haikuinuka. Ikavunja majani, ikavaa sketi.

Alikata mgomba mmoja kwa panga. Ndani palipasa kuwa peupe kama nyama ya nazi. Palikuwa na pete za rangi ya kutu, moja ndani ya nyingine. Ugonjwa kama huo hauji kwa siku chache. Basi ulikwisha kuingia kabla hajapeleka kile kibuyu, wakati yeye yuko langoni analinda viatu.

Akaliosha panga kwa dawa, akalifuta. Alikuwa bado amelishika Rosenda alipofika na jembe begani, njiani kwenda kwenye zamu yake. Rosenda alisimama langoni, akainama kuchukua brashi, kama kawaida.

"Acha, komadre," Etelvina alisema. "Usijisumbue."

Rosenda akabaki ameinama. Alilitazama panga, akatazama mstari wa kando ya mfereji.

"Unataka kuniambia jambo."

"Ndiyo. Nilitakiwa kukwambia zamani."

"Usiniambie." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Migomba yangu haijanywa. Ukiniambia nitafunga maji, na nikifunga nitaiua mwenyewe. Acha nikamwagilie kama mtu asiyejua."

Akasugua kiatu kimoja, akasugua cha pili, nyayo na visigino, akavikanyagisha kwenye karai. Kisha hakuingia. Akageuka akafuata ukingo wa mfereji kushuka kwake.

"Ni mnyauko, Rosenda," Etelvina alimwambia mgongoni. "Umetoka juu, kwa Nolberto. Na maji niliyokupa ni hayo hayo."

Rosenda hakugeuka. Baadaye kidogo jembe lake likasikika likichimbua udongo wa mdomo wa mfereji, pigo baada ya pigo, mpaka maji yakapata njia.