Foleni ya Sindano

Kivuva hakuwahi kuvuta hata sigara, na sasa mkewe, Muthoki, alikuwa akifungasha nguo za watoto akimwita teja.

Kosa lake lilikuwa wema. Mwaka huo wa 2003 alijitolea kutoa damu kanisani pale Kitengela, na baada ya wiki chache akaitwa kuambiwa ana virusi vya homa ya ini, aina ya C. Muuguzi, Naliaka, alimweleza bila haraka: Ulaya wengi huvipata kwa kujidunga madawa ya kulevya; kule Misri, vijiji vizima vilivipata kwa sindano za kutibu kichocho; huku kwetu, mara nyingi ni sindano chafu za matibabu. Kisha akampa karatasi iliyotoka Ulaya. Karatasi ilitaja madawa tu, na Muthoki aliisoma yote.

"Baba Kyule, kama si madawa, sema basi. Ni nani alikudunga?"

Aliyemdunga Kivuva alikuwa ameketi pale pale, akipukuchua mbaazi. Mama yake, Nzilani, alikuwa mhudumu wa zahanati kule Entarara miaka ya sabini, na jioni alidunga majirani nyumbani kwake, sindano moja kwa foleni nzima, ikichemshwa asubuhi tu. Kijiji kilimbariki kwa hilo. Akimtaja, atamuua kwa majuto. Asipomtaja, Muthoki atahamia na watoto kwa kaka yake kule Embulbul.

"Sindano?" Nzilani aliinua kichwa. "Si mimi nilikuwa namdunga akiwa mtoto? Wageni kwanza, yeye mwisho kabisa. Sikutaka watu waseme napendelea wangu." Mikono yake ikasimama. "Kivuva, hiyo sindano ilikuwa na makosa?"

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Hawakuiona foleni ya Nzilani.

Muthoki aliacha kukunja nguo. Alikuwa ameelewa.

"Si wewe, Mwaitu," Kivuva akamwambia mama yake. "Nilijidunga mwenyewe. Madawa, nikiwa kijana."

Nzilani alijifunika uso kwa leso, akamshukuru Mungu kwa sauti kwamba si mkono wake. Kisha akamshika Muthoki, akimsihi asimwache mumewe; ujana ni moshi.

Muthoki alimtazama Kivuva kwa hasira na huruma.

"Nimemsamehe, Mama."

Jioni, wakati wa sala, watoto wakiwa wamefumba macho, Nzilani alimwombea mwanawe teja, kwa jina lake, na Kivuva akaitikia amina.