Mke wa Padri Rupert

Mwaka jana Lidwina, karani wa parokia, alisasisha mfumo wa kumbukumbu za ubatizo kwa kubonyeza mara moja tu. Waumini wote waliobatizwa ndani ya miaka kumi na miwili wakapotea. Aliwaandika upya mmoja mmoja kutoka kwenye madaftari, miezi minne, mpaka vidole vikafa ganzi. Paroko, Padri Rupert Komba, alimwambia kwa upole wa kutisha kwamba likitokea tena atafute kazi nyingine. Na kazi ile Lidwina aliipenda kufa.

Safari hii toleo jipya lilipofika, alitengeneza nakala ya kumbukumbu zote kwenye kompyuta nyingine, akawa anajaribia huko. Jaribio la kwanza lilikwama katikati. La pili lilifika mwisho, ila Songea nzima ilikuwa imebatizwa siku moja. Kila jaribio na kituko chake. Alikiandika, akakirekebisha, akafuta nakala, akaanza upya.

Jumatano paroko aliingia ofisini amekunja uso.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Lidwina, wiki ya tatu hii unajaribu tu! Bonyeza tuendelee. Jumapili nina matangazo ya ndoa."

"Baba, hata kwaya ya Pasaka ilifanya mazoezi miezi miwili."

"Kwaya ina Makarius na besi yake mbovu. Kompyuta ina akili."

Lidwina hakubishana, nani anabishana na paroko? Alitafuta jina moja kwenye nakala, akamgeuzia skrini.

*Rupert Komba. Padri. Mkulima wa tumbaku, Namtumbo. Ameoa. Mke: Kasiana. Watoto: tisa.*

Kosa lilikuwa la kwetu kabisa. Huku mtoto hupewa jina la mtakatifu wa siku yake, na akina Komba wamejaa kila kona. Mfumo mpya ukikuta jina moja, ukoo mmoja na mwaka mmoja wa kuzaliwa, hauulizi mtu, unawaunganisha watu wawili kuwa mmoja.

"Nani mwingine ameona hii?" paroko aliuliza, jasho likimtoka.

"Mimi tu, Baba. Ni nakala."

Padri alivuta kiti, akakaa.

"Rudia."

Walirudia. Lidwina alimpa kila muumini namba yake ya daftarini, na jaribio la saba likamtenganisha padri na Kasiana. La nane likapita safi. La tisa pia.

Ijumaa ikawa zamu ya mfumo wenyewe. Ghafla Padri Rupert alikumbuka kuna mgonjwa huko Msamala, akatokomea. Lidwina alibaki peke yake, aliogopa, tusidanganyane. Akabonyeza. Dakika kumi na nne baadaye alihesabu majina, yote yapo. Akapiga simu huku anapiga kelele.

"Baba! Huna mke tena!"

Hakujua kwamba simu ya paroko ilikuwa kwenye spika, mbele ya Bibi Mariana mgonjwa na akina mama wa jumuiya waliokuja kusali.

Kisha sauti ya Bibi Mariana, ambaye asubuhi hakuweza hata kunywa uji: "Kwani alikuwa naye?"

"Lidwina," paroko alisema polepole, "Jumatatu uje kazini mapema. Na hawa akina mama utawaeleza wewe."

Lidwina alisikia Jumatatu tu: kazi bado anayo. Akakaa sakafuni, akalia kwa furaha.