Himmeli ya Aune

Tangu Oktoba, Aune Rautiola alikuwa na neno moja tu: "ndiyo." Kiharusi kilimpokonya maneno mengine yote, kikamlegeza na mkono wa kulia. Ukimuuliza kama ana njaa, ndiyo. Ukimuuliza kama ameshiba, ndiyo. Mumewe Kalervo, fundi matrekta mstaafu, akabaki kumsoma macho.

Pale Ilmajoki, Aune alijulikana kwa himmeli zake, mapambo ya mabua makavu yanayotungwa kwa uzi na kuning'inizwa juu ya meza ya chakula Krismasi ikikaribia. Kwa miaka arobaini hakukosa kutengeneza. Na kwa miaka arobaini Kalervo aliyaita mapambo hayo chakula cha ng'ombe.

Desemba ile ndoano ya darini ilikuwa tupu, na Kalervo alimwona mkewe akiitazama asubuhi baada ya asubuhi. Akaenda stoo, akarudi na fungu la mabua, mkasi na sindano ndefu.

"Haya, bibie. Mikono yangu, akili yako."

Aune alionyesha urefu kwa kidole cha kushoto, Kalervo akakata. Mabua kumi na mawili yalitoa umbo moja kama almasi, na maumbo yaliyotakiwa yalikuwa mengi. Vidole vilivyozoea spana vilipasua mabua ovyo. Kalervo akikosea, Aune aligonga meza.

Jumamosi binti yao Marketta alifika kutoka Tampere, akamkuta baba yake amepiga magoti sakafuni, mabua hadi kwenye nywele.

"Baba, siku hizi unakula chakula cha ng'ombe?"

"Pika kahawa wewe. Mama yako kashanigongea meza mara ishirini leo."

Kazi ilipoisha, Kalervo alipanda kiti akaitundika. Himmeli ikazunguka polepole, imelalia upande mmoja.

"Imekaa sawa," akasema.

"Hapana."

Marketta akaacha kumimina kahawa. Kalervo akageuka palepale juu ya kiti.

"Umesemaje?"

Aune alikunja uso kama mtu anayevuta kitu kizito. "Hapana. Imepinda. Funga... upya."

Kalervo alishuka taratibu, akakaa.

"Wiki tisa," akasema. "Wiki tisa najiuliza kama bado umo humo ndani."

"Nimo," akasema Aune.

Marketta akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo kwa muda mrefu. Kahawa ikapoa, hakuna aliyejali. Kalervo alifungua uzi, akaufunga upya mara tatu, na kila mara aliposikia "hapana" alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia mgongoni.

Maneno yakaendelea kurudi, moja moja: kahawa, baridi, dirisha. Lililochelewa kuliko yote lilikuwa jina la mumewe. Lilikuja siku ya pili ya Krismasi, mzee alipomwaga mchuzi kwenye kitambaa cheupe cha meza.

"Kalervo," akasema Aune, kwa hasira kabisa.

Mzee akaweka kijiko chini, akacheka mpaka machozi yakamtoka.