Bolti Nne Zilizokataa Vidole

Marselino alikuwa mchongaji kutoka Newala, na mikono yake aliiheshimu kama wengine wanavyowaheshimu wakwe zao. Mwaka 1951 aliacha kuchonga mpingo, akapata kazi kwenye karakana moja ya chuma huko Kurasini. Mikono alikuja nayo. Kwa bahati mbaya, na akili ya mpingo alikuja nayo pia.

Ijumaa moja alikabidhiwa jukwaa la chuma la kuning'inia, ambalo wapaka rangi wangesimama juu yake kupaka tangi la maji. Kazi yake ilikuwa kufunga bolti nane, mbili kila pembe. Palikuwa na makopo mawili: moja la bolti na nati za Kiingereza, jingine la zile za Kimarekani zilizobaki baada ya vita. Kwa unene zilikuwa pacha, ila ya Kiingereza ilikuwa na meno kumi na mawili kwenye inchi moja, na ya Kimarekani kumi na matatu. Marselino hakuhesabu meno ya mtu. Aliyamimina makopo yote sakafuni, akaanza kuozesha bolti na nati kama mshenga.

Fundi wa mpingo hakiamini kigingi kinachoingia bila ubishi. Basi kila nati iliyoteleza kwa vidole hadi mwisho, Marselino aliitupa pembeni kwa dharau. Iliyogoma raundi ya tatu ndiyo aliyoiona ina msimamo. Aliipachika spana, akauvika mpini wa spana kipande cha bomba, akaning'inia hapo mpaka chuma kikalia. Nne za upande wa kushoto alizifunga hivyo. Za kulia alizifunga Jumamosi mchana, akiwa na haraka ya kwenda kula kwa mkewe, Filomena, na kwa kuwa hakuwa na muda wa kuchagua vizuri, zikaingia zenyewe kwa vidole.

Kabla ya kuondoka aliitangazia karakana nzima kwamba upande wa kushoto hata yeye mwenyewe hawezi kuufungua.

Jumatatu, wakati wa chai, Mzee Mwishehe, msimamizi wao, alikuwa akimsema mtu mwingine kabisa kwa kosa jingine kabisa.

"Bolti ya chuma kwa chuma iingie kwa vidole mpaka mwisho," alisema. "Spana ni ya kumalizia tu. Ikigoma mapema, hiyo nati si yake. Inanyoana nayo meno."

Marselino alishusha kikombe. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia tu, itakuwaje mtu akiilazimisha.

"Itashika," alijibu mzee. "Mpaka siku itakapobeba mtu."

Na siku yenyewe ilikuwa hiyo. Karakana ile ilikuwa na desturi moja isiyo na msamaha: aliyefunga ndiye anayepanda kwanza, mbele ya wenzake wote, mpaka kimo cha tangi. Marselino alikwenda kuzitazama bolti zake nne. Zilikaa vizuri, zimenyooka, zinang'aa, na huko kupendeza kwao ndiko kulikomtisha zaidi. Alifikiri kusema ana homa. Alifikiri kusema kweli, akakumbuka tangazo lake la Jumamosi, akarudia kufikiria homa.

Didas, mwendesha winchi, akamwita. Marselino alipanda, akasimama kulia kabisa, akaukumbatia waya wa kunyanyulia. Alikuwa ameshapanga: upande wa kushoto ukiachia, yeye atabaki ananing'inia. Ndipo Mzee Mwishehe alipovua kofia, akapanda naye, akaenda kusimama kushoto.

"Na mie nionje upande wa sifa," alisema.

Winchi ikazunguka. Jukwaa liliondoka chini, likafika kimo cha kiuno, kimo cha kichwa. Kushoto kukasikika tik, ndogo, kama mtu anayevunja kijiti. Wenzake chini walikuwa wanacheka. Mzee alikuwa akitazama bandari, ameweka mikono nyuma.

"Mzee," alisema, "njoo huku kwangu. Polepole. Hizo za kushoto nililazimisha. Zote nne."

Mzee hakumtazama. Aliinua kiganja kumwonyesha Didas, akakishusha taratibu mno, na jukwaa likaanza kushuka kwa mwendo huo huo. Tik ya pili ilikuja wakiwa kwenye kimo cha goti.

Chini, mzee aliweka spana kwenye nati ya kwanza. Nusu raundi tu, ikachomoka nzima nzima, imejaa nyuzi nyembamba za chuma kama nywele za kwa kinyozi. Alizipuliza kwenye kiganja cha Marselino, akamwonyesha rundo la nati zilizotupwa pembeni.

Mpaka alasiri Marselino alikaa sakafuni akizungusha nati kwa vidole viwili. Alipomaliza kuzifunga upya zile nne, Didas aliwasha winchi, na mzee akaenda kusimama kushoto tena.

"Mzee, desturi ni aliyefunga," Marselino alimkumbusha.

"Najua. Mie napanda kwa sababu ulisema kweli."

Wakapanda. Marselino alizihesabu bolti zote nane, akarudia, akarudia tena, mpaka tangi likawa ubavuni mwao, na hata hapo waya hakuuachia.