Baridi ya Mtungi wa Mafahali

Istar alikuwa fundi wa hina asiye na mpinzani Isiolo nzima, na anayebisha aulize bibi harusi yeyote aliyeolewa mjini humo miaka ya sabini. Kisha chunjua zikamwota vidoleni, mkono wa kulia, ngumu na mbaya kutazama, na wanawake wakaanza kumnyima mikono yao. Harusi ya binamu yake Sahra ilikuwa inakaribia. Istar aliapa kwamba mikono ya Sahra haitapakwa na mtu mwingine.

Shangazi yake, mamake Sahra, akaleta chuma cha moto. Kwake yeye kila kitu hutibiwa kwa kuchomwa: ngamia, mgongo, hata homa. Istar alikataa katakata. Kidole kilichochomwa hukunjamana, na kidole kilichokunjamana kitachoraje ua?

Akaenda zahanati kwa tabibu Mbaabu. Mbaabu alikuwa ameomba baridi kidogo kwa daktari wa mifugo, ile hewa iliyopoozwa mpaka ikawa maji, kutoka kwenye mtungi unaofuka moshi mweupe, ambamo mbegu za mafahali hugandishwa zisiharibike. Alichovya humo kijiti chenye pamba, akakikandamiza juu ya kila chunjua. Wee! Baridi ile iliuma kuliko kaa la moto. Malengelenge yakatoka, yakakauka, na baada ya kurudi mara kadhaa chunjua zikabanduka zote. Yalibaki madoa meupe tu.

Lakini mji huu nao! Waliomwona Mbaabu akichota mtungini walikwisha kutangaza kwamba Istar kapakwa mbegu za ng'ombe. Siku ya hina shangazi alimzuia mlangoni, wageni wakitazama, akasema mkono huo ni najisi, ukimgusa binti yake atazaa ndama.

Machozi yalimlenga Istar, akayameza. Akauinua mkono juu, na madoa yake, kila mtu auone.

"Ni baridi tu, shangazi. Mbegu zilibaki mtungini. Siuchomi, siufichi, na nyumbani sirudi."

Sahra, aliyekuwa ameonywa tangu asubuhi kwamba bibi harusi hasemi, aliinuka mkekani, akampita mamake, akaketi papo hapo kizingitini na kumpa Istar mikono yote miwili.

"Nikizaa ndama, mama, utapata maziwa. Istar, anza."

Istar akaanza. Na shangazi, aliyetaka kutoka kwenda kuangalia pilau yake jikoni, ilimbidi angoje mpaka hina ikauke.