Gari Lililokuja Bila Breki ya Kaka

Gari lilikuwa jeupe, jipya kabisa, viti bado vimevaa nailoni. Mleta gari wa kampuni alilishusha kutoka kwenye lori mbele ya geti letu kwa mikogo, akalifuta vumbi ambalo halikuwepo, akamkabidhi kaka yangu ufunguo kwa mikono miwili. Wifi akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Mimi nilisimama na aproni yangu ya kazini, machozi yakinilengalenga, kwa kuwa nililisubiri gari lile kwa hamu kuliko hata kaka mwenyewe aliyelikodi.

Kaka hakuingia upande wa dereva. Alifungua mlango wa abiria, akakaa, akanyoosha mguu wa kulia. Akaurudisha. Akaunyoosha tena. Halafu akainama na kupapasa kapeti kwa mkono.

"Breki yangu iko wapi?"

Mleta gari akacheka. "Breki si ile pale, mzee. Upande wa usukani."

"Hiyo ni ya mwanafunzi. Mimi nauliza yangu."

Kaka ni mwalimu wa udereva. Shule yake ni gari moja, bango moja na yeye mwenyewe. Gari la kufundishia huwa na pedali za pili, miguuni pa mwalimu, ili mwanafunzi akitaka kupanda ukuta mwalimu awahi kulisimamisha. Mtaani wanamwita Bwana Breki, na jina limemkaa. Hata mezani, wifi akimimina chai na kikombe kikakaribia kujaa, utamsikia kaka anakanyaga sakafu. Gari lake la zamani lilipokata roho katikati ya barabara, aliapa hanunui tena maumivu ya kichwa. Akakodi jipya kwa mkataba wa miaka mitatu, matengenezo juu ya kampuni, na pedali za mwalimu aliziagiza tangu siku ya kwanza.

"Mimi ni wa kuleta tu, mzee," alisema mleta gari, mikogo yote imemwishia. "Piga simu ofisini."

Nieleze kwa nini nusura nimkabe yule bwana. Mimi hupiga pasi shuka za hospitali. Chumba chetu kina mvuke kuanzia asubuhi hadi tunapofunga, na kifua changu kimechoka nao. Usiku napumua kwa filimbi. Daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba nikiendelea mle ndani sitafika mbali. Sasa, dereva wa gari linalosambaza shuka kwenye zahanati alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na msimamizi wetu, mama asiyependa maneno mengi, aliniita pembeni. "Ukipata leseni kabla hajaondoka, kazi ni yako. Usipopata, naitangaza." Mtihani wa udereva wa mwisho kwa mwezi ule ulikuwa Alhamisi, na gari lililetwa Jumatatu.

Nilishaanguka mtihani mara mbili. Mara zote mbili mtahini alilazimika kukanyaga breki ya mwalimu kwa ajili yangu, na mtahini akigusa pedali, umeanguka. Mara zote mbili aliniambia maneno yale yale: unachelewa kufunga breki. Kaka alisema ni woga. Mimi sikujisikia mwoga hata kidogo. Nilijisikia mjinga, na hilo liliniuma zaidi.

Basi tukapiga simu. Kwanza ulipigwa muziki, tena ule usio na mwanzo wala mwisho. Ndipo akapokea dada mmoja mwenye sauti ya asali, akatushukuru kwa uvumilivu ambao hatukuwa nao. Akatuweka tusubiri, akarudi na habari kamili. Magari mawili meupe, pacha mtupu, yalitoka karakana siku moja. Mleta gari alichukua ufunguo usio wake. Gari lenye pedali za kaka lilikuwa limepelekwa kwa bwana mmoja fundi miwani, na fundi miwani alikuwa amesafiri nalo na mkewe kwenda kumwona binti yao. Wangerudi Alhamisi.

"Ana pedali zangu miguuni pa mkewe," kaka alisema polepole, "na hajalalamika?"

"Hajalalamika, mzee. Mkewe alitupigia simu kutushukuru."

Wifi alicheka hadi akakaa chini. Kaka hakucheka. "Sikiliza, binti yangu. Fundi wangu yuko hapo kona. Leo hii jioni ananifungia pedali nyingine, yameisha."

"Hapana, mzee, tafadhali. Gari ni mali ya kampuni. Huruhusiwi kulifungia kitu. Hata stika ukibandika bila idhini umevunja mkataba."

Wifi akaacha kucheka, akatoka kimyakimya kwenda kubandua jina la shule, alilokuwa ameshalibandika nyuma ya gari kwa furaha. Lilikataa kutoka. Alilikwangua kwa ukucha, kisha kwa maji ya moto, huku akijifanya anaosha kioo.

Kaka alikata simu akatangaza kwamba hakuna somo. Mtihani wenyewe unakubali gari lolote zima. Hiyo sheria ya pedali za mwalimu ilikuwa yake. Alisema bila breki yake haingii na mwanafunzi barabarani, hata mama yetu afufuke aje amwombe.

Hapo uvumilivu uliniisha. "Kwa hiyo mimi nirudi kwenye mvuke," nilimwambia, "kwa sababu mguu wako umekosa pa kukanyaga?"

Nilikohoa, na sikuwa nakohoa makusudi, na sote watatu tulikisikia kifua kile kinavyolia. Wifi ndiye aliyesema. "Mpeleke kiwanja cha mpira, baba. Hakuna magari, hakuna watu, kuna nyasi. Akigonga goli, goli litasamehe."

Kesho yake jioni nilipotoka kazini tulienda. Kaka alipanga madebe matupu ya rangi mstari mmoja, akarudi akakaa, akaweka mkono wake juu ya breki ya mkono iliyokuwa katikati yetu.

"Nenda. Simama kabla ya debe."

Nikaenda. Debe nililiona vizuri, tena mapema. Lilikuja, likaja, likakua, na mimi nikawa nasubiri. Sijui niseme vipi. Sikuwa nimeganda, sikuwa nimeshtuka. Nilikuwa nimetulia, nasubiri gari lisimame. Nikasikia puu! Mguu wa kaka umekanyaga kapeti tupu. Gari halikufanya lolote. Debe likaingia chini yetu kwa kelele za kutisha, na ndipo nikakumbuka kwamba nami nina mguu.

Tulikaa pale injini imezima. Vumbi likatupita. Wala hakunigombeza, na hilo lilinitia wasiwasi.

"Tena," alisema.

Mara ya pili sikuangalia debe tu. Nilitega sikio. Tulikuwa bado mbali, mbali kabisa, hata mtu wa baiskeli asingefikiria kusimama, na tayari puu, mguu wa kaka uko chini. Nikakanyaga breki yangu mwenyewe. Gari likasimama, debe liko palepale linatutazama.

"Kaka," nilisema, "mimi huwa nakusubiri wewe."

"Kunisubiri vipi?"

"Lile gari la zamani lilikuwa linasimama kabla sijaamua. Kila kona, kila mtu akivuka. Nikadhani ndivyo magari yanavyosimama. Nikadhani ni mimi ninayelisimamisha. Halafu naingia na mtahini, naona hatari, nasubiri, na yeye hana mguu wako."

Kaka aligeuza uso akaangalia nje, kule kwenye goli lisilo na nyavu. Amenilea huyu. Wazazi wetu walipofariki alikuwa kijana tu, na mimi nilikuwa wa kubebwa. Kila tulipovuka barabara alinishika kola ya gauni kwa nyuma, akanishika hivyo hadi nilipokaribia kumfikia urefu na wenzangu wakaanza kunicheka. Sikuwahi kumwambia aache. Nilimkasirikia pale kwenye kiti, na nilimpenda, vyote kwa pamoja, na sikujua nianze na kipi.

"Nakuogopea," alisema mwishowe. "Wanafunzi wengine nawaacha wakosee. Wewe siwezi."

"Mimi ndiye ninayetaka kazi, kaka."

Akafikiri. Halafu bwana mzima, mwenye mvi na heshima zake, akavua viatu, akavishika mkono mmoja, akakunja miguu yote miwili juu ya kiti, juu ya nailoni mpya ya kampuni, mithili ya mtu aliyeketi mkekani. Mkono mwingine akaurudisha kwenye breki ya mkono.

"Endesha," alisema. "Na usiniangalie. Angalia mbele."

Jioni ile niliua debe moja tu zaidi. Kesho yake hakuna hata moja lililoguswa, na kaka, jasho likimtoka kwenye kiyoyozi, alikubali tutoke kiwanjani tukazunguke mitaa yenye utulivu. Miguu haikushuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anaanika nguo alimwona akipita amekunja nne dirishani, akamsalimia kwa mshangao, na kaka akaitikia kwa heshima zote.

Alhamisi nikaamka kabla ya kila mtu. Tulipofika kituo cha majaribio, kama nilivyohofia, mtahini alikuwa yule yule, na alinitambua. Aliniambia nisubiri zamu yangu. Tulikuwa bado tumesimama hapo uani wakati gari jeupe lilipoingia, pacha wa letu, limejaa vumbi la safari. Kwenye usukani alikaa fundi miwani, bwana mwembamba. Mkewe alikuwa pembeni yake na mleta gari yuko nyuma. Kampuni ilikuwa imewapigia simu wapitie hapo moja kwa moja, tubadilishane.

Fundi miwani alishuka akampa kaka mkono. "Ndugu yangu, kumbe hizi pedali ni zako! Mimi safari nzima nilidhani nimepewa gari bovu. Linasimama lenyewe kila penye kona."

"Halijisimamishi," alisema mkewe, akishuka bila haraka. Akamgeukia kaka. "Mwalimu, sikufichi. Hiki kibreki kimeniponya presha. Miaka yote nampigia kelele huyu, punguza, punguza. Safari hii sikufungua mdomo hata mara moja."

"Na mimi nikadhani umenisamehe kitu," alisema mumewe.

Kaka alicheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Mleta gari, anayetaka aibu yake iishe upesi, akamwekea ufunguo wa gari lenye pedali kiganjani na kuomba ufunguo wa letu. Wakati huohuo mtahini akaita jina langu. Kaka akabaki na funguo mbili, mmoja kila mkono. Nilimwona anaziangalia zile pedali kupitia mlango ulioachwa wazi. Alizililia siku zote hizi, na sasa ziko pale.

Akanitazama. "Unataka lipi?"

Nilinyoosha kidole kwenye gari letu, lile lisilo na kitu.

"Subiri kidogo, bwana," kaka alimwambia mleta gari. "Dada yangu amalize kwanza."

Ya mtihani hayana mengi. Karibu na soko la mbao mkokoteni ulichomoka kati ya maduka mawili, umejaa mbao hadi anayeusukuma haonekani. Sikusubiri mtu. Mguu wangu ulikuwa chini kabla sijamaliza kuuona. Mtahini alisogea mbele kidogo kwenye mkanda wake, akarudi, akaniambia niendelee. Tulipoegesha uani alikaa akiandika, na mimi nikaangalia usukani kwa kuogopa kuuangalia uso wake.

"Zile mara mbili sikujua nani anaendesha," alisema. "Leo ulikuwa wewe. Umefaulu, mama."

Nilishuka na kumrukia kaka mbele za watu. Mke wa fundi miwani alipiga makofi, kisha akaenda kuiaga breki yake. Nilimwona akiikanyaga mara ya mwisho, gari likiwa limezimwa. Nilimpigia msimamizi simu palepale. "Jumatatu asubuhi," alisema. "Na uje na sweta. Lile gari lina baridi." Nikacheka peke yangu kwa neno hilo, baridi, nikavuta pumzi hadi ilipoishia, na kifua hakikupiga kelele.

Tulirudi nyumbani na gari lenye pedali. Usukani nilipewa mimi. Tulikaribia mtaa wetu huku kaka akinisimulia jinsi wifi atakavyopiga vigelegele, na kwamba safari hii ataomba idhini ya stika kwa maandishi. Ghafla bwana mmoja wa baiskeli, amebeba magodoro mawili mgongoni, akakata mbele yetu bila hata kugeuza shingo. Nikafunga breki. Gari likatulia, yule bwana akapita na magodoro yake, na kaka akaendelea na hadithi bila kukatisha.

Niliangalia chini upande wake. Pedali zilikuwepo, mpya, zinang'aa. Kaka alikuwa amekunja miguu juu ya kiti, viatu viko mapajani.

"Nini?" aliniuliza. "Angalia mbele."