Plastiki ya Chumba cha Nyuma

Plastiki ilikuwa bado imebandikwa. Niliinua macho juu ya kitanda cha mama yule mgonjwa nikaiona imeziba tundu la hewa, na tepu ni ile ile niliyoikata kwa meno yangu.

Sebuleni, binti yake, fundi cherehani, alikuwa akimmwagia shemeji yangu sifa. "Wiki tatu mama hajakohoa! Ila chumba chake kimekuwa na joto, sijui kwa nini, ndiyo maana nikawaita tena." Shemeji alizipokea sifa zote bila haya.

Miaka ile mimi na shemeji tulikuwa tukisafisha mabomba ya hewa, yale yanayopita darini kupeleka ubaridi vyumbani. Unaziba matundu yote kwa plastiki vumbi lisimwagike ndani, kisha unabandua moja moja kila bomba linapopigwa burashi. Siku ile ya kwanza mgonjwa alikuwa amelala, tukasema chake tutamalizia. Tukasahau, tukakusanya vifaa, tukaenda zetu.

Kwa hiyo hatukumponya mtu. Tulimzibia tu uchafu uliobaki bombani, na niliona aibu.

"Umeiona," mama akasema kutoka kitandani.

"Nimeiona, mama. Tulisahau. Nisamehe."

Shemeji angesema ni dawa mpya, bila hata kupepesa. Lakini njia ya mwongo ni fupi, nami sikuwa na pa kwenda.

"Mimi niliiona siku ile ile," akasema. "Nikanyamaza, maana nilikuwa napumua. Haya, fanya kazi yako."

Nilipanda ngazi, nikabandua, nikaingiza mkono. Halikuwa vumbi la kawaida. Zilikuwa nyuzi zilizoshikamana, nene kama blanketi la mtoto: nyekundu, kijani, buluu. Tundu linalovuta hewa ya nyumba nzima lilikuwa chumba cha mbele, juu ya cherehani. Kila gauni alilokata binti lilikuwa limepita kifuani mwa mama yake.

Mama alilishika lile blanketi, akalipapasa. "Buluu hii ni sare za shule," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Asijue limetoka wapi. Cherehani ndiyo imetulea tangu baba yake afariki. Akijua, ataiuza kesho."

"Lazima niweke chujio kule mbele, mama. La sivyo utarudia kukohoa."

"Weka. Sababu utaitafuta mwenyewe. Mimi nimekustiri wiki tatu."

Nilisugua bomba lile mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Nikapita mbele ya binti na gunia begani.

"Mmetoa nini?"

"Vumbi la barabarani, dada. Nakuwekea chujio hapa juu. Ulifue kila Jumamosi."

"Barabara hii itatuua," akasema, akaendelea kushona.

Tuliitwa tena mwaka uliofuata. Cherehani ilikuwa imehamia barazani, na binti ameinamia kazi, jua likimpiga kisogoni. Chujio lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, limefuliwa likatakata, ila pindoni zimeganda nyuzi mbili tatu za buluu. Aliniona nikizitazama.

"Mama nimemwambia nimetoka nje kufuata mwanga," akasema, macho kwenye sindano. "Nawe akikuuliza, mwambie hivyo hivyo."